Mchezo, kikoba au SACCOS? Soma kwanza kabla hujatoa hela yako

Wiki iliyopita wamekuja kina mama saba wa mtaani kwetu hapa Kihonda, Morogoro, wengine ni wadogo zangu kabisa, wakaniuliza dada sisi tunataka tuwe na kikundi cha kuweka akiba, sasa tuanze na kipi, maana huyu anatwambia mchezo, yule anatwambia kikoba, mwingine shemeji yake anamwambia hivyo vyote ni kupoteza muda nendeni SACCOS. Nikawaambia nipeni siku mbili tatu niwaandikie, kwasababu swali hili ukilijibu juujuu unamponza mtu, na hela yenyewe ni ya kuuza maandazi na mkaa, inauma ikipotea.

Mi michezo nimecheza tangu niko binti, kikoba niko mwaka wa tisa sasa na miaka minne kati ya hiyo nimekuwa mweka hazina, SACCOS niliingia baadaye kupitia wafanyabiashara wenzangu wa sokoni. Vyote vitatu vimeshanisaidia, na kimoja kiliniliza, ntasimulia huko mbele.

Kwanza tuelewane majina maana watu wanachanganya sana. Mchezo (wengine wanasema upatu, wengine kibati) ni ule wa kuchanga sawasawa halafu anapokea mmoja, wiki ijayo mwingine, mpaka wote mmepata, hamna riba, hamna hisa, hamna daftari kubwa. Kikoba mnakutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kila mtu ananunua hisa, hela inakopeshwa humohumo kwa wanachama na inarudi na riba, na mwisho wa mwaka mnavunja, yaani mnagawana kila mtu kwa hisa zake. SACCOS ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo kabisa, kina usajili, bodi, ofisi, mara nyingi na meneja wa kuajiriwa, na hakivunjwi mwisho wa mwaka, kinaendelea tu hata nyie mkizeeka. Ndugu zetu wa Kenya wao wanasema chama, na ule wa kuzunguka wanauita merigoraundi, lakini ukikaa nao utaona ni mambo yaleyale.

Halafu hili neno upatu liangalieni, maana sheria yetu ya jinai inakataza upatu wa piramidi, ule wa kuambiwa weka laki upate laki tatu ukileta watu wengine wawili. Huo ni wizi na hauhusiani na mchezo wa kina mama kumi wanaojuana. Ukiona kikundi kinakuahidi faida kubwa kwa kuleta watu, kimbia, usiulize mara mbili.

Hela inashikwa na nani

Hapa ndo pa kuanzia, kabla ya riba, kabla ya faida, kabla ya chochote.

Kwenye mchezo hela inashikwa na kijumbe, na anaishika kwa masaa tu. Anapita anakusanya, jioni anamkabidhi mwenye zamu, imeisha. Uzuri wake ni kwamba hakuna sehemu hela imerundikana ya mtu kuiba. Ubaya ni kwamba kila kitu kiko kwenye kichwa cha kijumbe na kwenye kidaftari chake, wanachama wengine unaweza usiwajue hata sura, unaambiwa tu tuko kumi na mbili. Kama hujawaona hao kumi na mbili kwa macho yako, wamekaa sehemu moja, we usiingie.

Kikoba hela iko kwenye sanduku. Ngoja niwaelezee kikao chetu kilivyo, kwasababu ukielewa kikao umeelewa kikoba. Tunakutana Jumatano saa kumi jioni, uani kwa mwanachama mmoja, tumekaa kwenye mikeka kwa mzunguko kila mtu na namba yake, mimi namba saba. Sanduku ni la chuma lina komeo tatu na kila komeo ina kufuli yake, funguo tatu ziko kwa watu watatu ambao sio viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kwahiyo hata anayelala nalo hawezi kulifungua na mwenye ufunguo hana sanduku. Kabla halijafunguliwa mwenyekiti anauliza, kikao kilichopita tuliacha shilingi ngapi ndani? Na watu wanajibu kwa sauti, wote, hata wale wasiojua kusoma, tena wale ndo wanashika namba kuliko sisi wenye madaftari. Ndo linafunguliwa, wahesabu fedha wawili wanamwaga hela kwenye beseni, wanahesabu mbele ya wote, ikilingana tunaendelea, isipolingana hakuna anayeondoka. Baada ya hapo namba moja anaitwa, ananunua hisa zake, kitabu chake kinagongwa muhuri, hisa moja muhuri mmoja, mpaka wa mwisho. Mwisho wa kikao katibu anasoma salio jipya mara mbili na sisi tunalirudia kwa pamoja, tunaenda nalo nyumbani kichwani.

Mpango huu haukutoka benki. Shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, sehemu za Maradi, na kina mama wa vijijini huko, ndo ukasambaa Afrika, na kwetu Tanzania vicoba vikashika kasi miaka ya 2000. Nawaambia hivi kwasababu kuna watu wanadharau wanasema kikoba ni mambo ya umbea, wakati utaratibu wa sanduku na funguo tatu umepimwa na watu wengi sana maskini kuliko sisi na ukafanya kazi.

SACCOS hela iko benki na kwa wakopaji, wewe unaona karatasi tu, taarifa yako ya akiba. Kuna bodi, kuna kamati ya usimamizi ya kuichunga hiyo bodi, kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika juu yao, na vitabu vinatakiwa kukaguliwa, COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, ni mmoja wa wakaguzi wanaofahamika. Kwa maandishi SACCOS ndo salama kuliko zote. Ila usalama wake unategemea wewe mwanachama uende mkutano mkuu, usomewe hesabu, uulize. Nimeshakaa mkutano mkuu ambao watu walikuja, wakasaini posho ya nauli, wakasubiri soda na biskuti, hakuna aliyeuliza mikopo chechefu, yaani ile isiyolipika, ni shilingi ngapi. Hao wenye hela zao wangekuwa kwenye kikoba wangehesabu mpaka ile sarafu ya mia mbili.

Hesabu, tuzipige pamoja

Mchezo wa watu kumi, kila mtu elfu ishirini kwa wiki. Kila mtu kwenye zamu yake anapokea laki mbili. Wa kwanza anakuwa kama amekopeshwa laki na themanini na wenzake bila riba, analipa kidogokidogo wiki tisa. Wa mwisho amewakopesha wenzake laki na themanini na hapati hata mia juu yake. Kwahiyo swali la mchezo ni moja tu, wewe unataka zamu ya ngapi na kwanini. Ukiwa na shughuli yenye tarehe, mfano ada ya Januari au kununua mpunga wakati wa mavuno ukiwa bei ya chini, mchezo ni mzuri sana, unaomba zamu yako iangukie hapo. Kama shida yako ni kukuza hela, mchezo haukuzi.

Kikoba cha watu ishirini, hisa moja elfu tano, na tuseme kwa wastani kila mtu ananunua hisa mbili kila wiki, wiki hamsini. Hapo hisa zote ni elfu mbili, hela ya hisa ni milioni kumi. Riba na faini za mwaka mzima tuseme zimeleta milioni moja na nusu. Siku ya kuvunja mnachukua milioni kumi na moja na nusu mnagawa kwa hisa elfu mbili, kila hisa inatoka 5,750. Mwenye hisa mia moja alitoa laki tano anaondoka na laki tano na sabini na tano.

Sasa hapa kuna jambo watu hawapendi kulisema ila mi nalisema. Ile elfu sabini na tano haikutoka mbinguni, imetoka kwa mwenzako aliyekopa. Kwetu riba ni asilimia tano kwa mwezi, mtu akikopa laki tatu kwa miezi mitatu analipa elfu arobaini na tano juu yake, na anayekopa mara nyingi kwa kawaida ni yule mwenye biashara ndogo au mwenye matatizo, na anayekula faida bila kukopa ni yule mwenye kipato kizuri. Ndo maana kikundi chetu tumeweka mtu asizidishe hisa tano kwa kikao, ili mwenye uwezo asije akawa anawavuna wengine. Kikoba ambacho hakina kikomo cha hisa mi sishauri.

SACCOS riba huwa iko chini ya hapo, ile niliyopo mimi hata nusu ya riba ya kikoba haifiki, na mkopo unaenda mwaka, miaka miwili, mitatu. Kiwanja, bati za nyumba, ada ya chuo, hayo ni mambo ya SACCOS, usiyapeleke kwenye kikoba cha mkopo wa miezi mitatu utajinyonga. Ila SACCOS hawakupi leo umeingia leo unakopa, lazima uweke akiba kwanza kwa miezi kadhaa, uwe na wadhamini, fomu, picha, kamati ya mikopo ikae. Mtoto akiugua usiku SACCOS haikusaidii.

Mtu asipolipa

Huku ndo vikundi vinakufa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mchezo ulioniliza ulikuwa wa watu kumi na wawili, elfu thelathini kwa wiki, zamu yangu ya kumi na moja, na nilikuwa nimeipangia ada ya mtoto wangu wa kwanza anaenda bweni. Wa tatu alipokea akahama nyumba. Wa tano akaanza leo sina, kesho sina. Kufika wiki yangu wanne walikuwa wameshaacha kutoa, badala ya laki tatu na sitini nikapokea laki mbili na arobaini, na kijumbe analia mbele yangu, ningemfanya nini, alikuwa mama wa watu na yeye hela hakula. Mtoto alichelewa kuripoti wiki mbili. Tangu siku hiyo nikiingia mchezo naangalia mambo mawili, wale wageni na wasiojulikana vizuri wanakaa zamu za mwisho, na kijumbe mwenyewe asiwe wa kwanza kupokea. Kijumbe akipokea mwishoni anafuatilia hela za wenzake kama zake.

Mchezo hauna dhamana, hakuna cha kumkata mtu, una aibu tu. Aibu inafanya kazi pale watu mnapoishi pamoja au mna kazi moja. Mtu ambaye anaweza kuhama bila kumuaga yeyote haijui hiyo aibu.

Kikoba kina cha kumkata, hisa zake. Kanuni ya vikundi vingi ni mtu kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Piga hesabu, mtu ana hisa za laki mbili, amekopa laki sita, akapotea. Mnakata hisa zake laki mbili, linabaki shimo la laki nne bila riba. Kama ana wadhamini wawili kila mmoja anabeba laki mbili, na hapo ndo ugomvi wa kudumu unapoanzia mtaani. Sisi mwaka wa kwanza tuliweka mara mbili tu, tukasema mwaka wa pili tutapandisha tukishajuana, mpaka leo hatujapandisha na hakuna aliyelalamika.

Kuna vikundi vinaenda kubeba vitu. Nimeona kwa macho yangu mama anabebewa godoro, jiko la gesi na redio, waliobeba ni wanawake aliokuwa anakaa nao mkeka mmoja wakiimba wimbo wa kikundi, watoto wake wamesimama mlangoni. Sikulala siku ile. Mi naomba sana, kama katiba yenu itasema kuchukua mali basi iseme tangu siku ya kwanza, mtu aandike mwenyewe ni kitu gani anaweka dhamana, mume au mke wake ajue, na serikali ya mtaa wawe na nakala. Na kabla ya kufika huko mkae naye, mumpangie upya marejesho. Mtu anayechelewa kwa ugonjwa sio sawa na mtu anayekimbia.

Na sababu kubwa ya watu kushindwa kulipa siku hizi sio uvivu. Ni kuwa kwenye vikundi vinne vitano kwa wakati mmoja. Jumanne anakopa huku apeleke marejesho ya Alhamisi kule, Alhamisi akikwama anaenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya kunyonya, na hapo tena biashara hakuna, anauza mtaji. Anaonekana mchangamfu, hisa analeta kila wiki, kumbe ni mkopo wa kikundi kingine unazunguka. Kwetu mtu akija kuomba kujiunga tunamuuliza hadharani, uko vikundi vingapi na unadaiwa shilingi ngapi. Wengine wanaona kama tunawadhalilisha, lakini tumeweka visizidi viwili na cha kwetu kikiwemo, na tangu tuweke hiyo kanuni hatujapata mtu wa kutoroka.

SACCOS kwa mwajiriwa inakata kwenye mshahara kabla hajauona, ndo maana SACCOS za kazini mara nyingi zinasimama vizuri. Sisi wa sokoni hatuna mshahara wa kukatwa, masika yakiingia nyanya zinaoza na marejesho yako palepale tarehe ileile. Kama kipato chako kinapanda na kushuka hilo lifikirie sana kabla hujasaini mkopo wa miaka miwili.

Kuhusu msiba na ugonjwa

Kikoba kinaweza kitu ambacho hivyo vingine viwili haviwezi vizuri, mfuko wa jamii. Pembeni ya hisa kila mtu anatoa elfu moja kila kikao, hiyo haigawanywi na haina riba, ni ya msiba na ugonjwa. Mwenzetu alifiwa na mama yake asubuhi, mchana tumemkabidhi laki na nusu tukiwa bado tunachambua mchele hapohapo msibani. Mchezo ungemwambia subiri zamu yako au omba wenzako wabadilishane. SACCOS nyingine zina kinga ya mkopo mtu akifariki, ni nzuri, lakini sio hela ya jeneza leo mchana.

Kwa ndugu zangu Waislamu

Wengi wananiuliza kuhusu riba na swali ni la haki kabisa. Mchezo hauna riba, kwahiyo wengi wako huru nao. Kikoba cha kawaida riba ipo, hata mkiibadilisha jina mkaiita ada, mkopo ukiongezeka kwa miezi ni kitu kilekile. Wapo wanaofanya kikoba bila riba, wanaweka akiba, wanakopeshana bila nyongeza, au wanatoa mtaji kwenye biashara ya pamoja wakagawana faida na hasara. Kina mama wa msikiti wa jirani wananunua mchele wa jumla pamoja na kinachopatikana wanagawana kwa hisa, na kikundi chao kina nidhamu kuliko chetu. Kwahiyo asikwambie mtu kwamba bila riba kikundi hakisimami.

Usajili

Mchezo mdogo wa majirani watu hawausajili. Kikoba mjue kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, vikundi vya kijamii viko daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa, kwa usimamizi wa Benki Kuu ila kazi imekabidhiwa halmashauri. Wanachama wasipungue kumi wasizidi hamsini. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye saini, na barua ya serikali ya mtaa. SACCOS ni daraja la tatu, inasajiliwa ushirika na inataka watu wasiopungua ishirini, na maandalizi yake sio ya wiki moja, mpaka andiko la mradi linatakiwa.

Usajili una faida, mnaweza kufungua akaunti ya kikundi benki na mnaweza kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ile ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Lakini nawasihi, msianzishe kikundi kwa ajili ya hiyo hela. Nimeona vikundi vimeundwa mwezi wa kwanza, hela imeingia, imegawanywa juu kwa juu, mwezi wa sita hakuna anayepokea simu ya mwenzake. Kikundi ambacho hakijawahi kukopeshana hela yake chenyewe hakiwezi kutunza hela ya kupewa.

Kwenye simu je? Kuna huduma kama M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, kikundi kinakuwa na mfuko wake kwenye simu na mtu mmoja peke yake hawezi kutoa. Ni nzuri kwa wanachama walio mbali, na sanduku likijaa sana mwishoni mwa mwaka ni hatari kulala na mamilioni ndani ya nyumba ya mbao. Sisi tunachofanya, hela ikizidi kiasi tulichopatana inaenda benki, ila kukutana hatujaacha. Vikundi nilivyoona vimehamia kwenye simu vikaacha na vikao, watu walianza kuchelewa taratibu, maana hakuna anayekuangalia usoni.

Sasa uchague kipi

Kama una jambo moja lenye tarehe, mko watu wachache, mnalingana kipato na mnaonana kila siku, cheza mchezo, mfupi, usizidi wiki kumi na mbili. Kina mama wa genge moja, madereva bajaji wa kituo kimoja, walimu wa shule moja, hao mchezo unawafaa sana.

Kama kipato chako kinayumba, unataka akiba, mkopo mdogo wa haraka na watu wa kukushika ukifiwa, kikoba. Hisa unaweza kununua moja wiki mbaya na tano wiki nzuri, mchezo haukupi nafasi hiyo. Ila kubali kukaa kikao saa mbili kila wiki, na kama huna huo muda sema mapema, kikoba cha kutuma hela na mtoto hakina maisha. Na miezi miwili kabla ya kuvunja msitoe mkopo mpya hata kwa mwenyekiti, yeye hasa, maana hela ikiwa nje siku ya mgao mtagawana ahadi.

Kama una kipato cha kueleweka kila mwezi na ndoto yako ni ya miaka, SACCOS, na kabla hujatoa kiingilio omba uone taarifa ya ukaguzi ya mwisho na uwaulize watu wawili waliowahi kujitoa ilichukua muda gani kupata akiba zao. Wakikuficha hiyo taarifa umeshapata jibu.

Mi mwenyewe nina kikoba na SACCOS, mchezo nacheza mara moja kwa mwaka na wauza mchele wenzangu pale soko la Mawenzi. Ila sikuanza navyo vyote.

Nyie saba mlionifuata, jibu langu ni hili. Anzeni na mchezo wa wiki saba, elfu tano tano tu, zamu mpige kura, na daftari lishikwe na yule asiyependa kuongea, mnamjua. Wiki hizo saba mtaona nani analeta mapema, nani anatuma mtoto, nani anabishana kwa jambo lisilo na maana. Zikiisha, wale mliobaki na imani ongezeni watu mpaka mfike kumi na tano hivi, mje tukae kuandika katiba, kurasa nne zinatosha. Sanduku msinunue la dukani, pale karibu na stendi ya daladala kuna fundi wa kuchomelea alitutengenezea la kwetu, mwambieni aweke komeo tatu zilizoachana, bati liwe nene, na mfuniko uingie ndani ya kingo ili usiweze kupenyeza kisu. Kufuli nunueni wenyewe, duka tatu tofauti, kila mwenye ufunguo aende kununua ya kwake.